Barua ya wazi kwa wanaoanza uhandisi wa umeme na kompyuta

Wanangu,

Kila mwaka wapya wakiingia chuoni, wiki mbili haziishi wameshajigawa. Hawa ni watu wa umeme, wale ni watu wa kompyuta, na kila upande unaona nusu ya masomo yake ni mzigo wa jirani. Mpenda programu analala kwenye kipindi cha saketi. Mpenda mota na transfoma ananakili kazi ya programu kwa rafiki usiku wa kuamkia kukusanya. Nawaandikia nyote wawili, maana na mimi nilikuwa mmoja wenu.

Nilikuwa wa programu. Mwaka wa tatu nilitengeneza kigari cha kujiendesha: maikrokontrola moja (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), mota mbili, betri. Mota zilipoanza tu kuzunguka, programu ilirudi mwanzo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Siku tisa nilipitia msimbo mstari kwa mstari. Niliuandika upya mara mbili. Fundi wa maabara, mzee asiye na shahada yoyote, akanionea huruma. Akaleta oskiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye kioo, akagusisha ncha yake kwenye njia ya volti 5, akasema washa. Mstari kwenye kioo ukaporomoka hadi karibu volti 2, kisha ukapanda.

Mota iliyosimama ikiwashwa hunywa mkondo mara nyingi zaidi ya ule inaotumia ikishashika kasi, kwa sababu bado haijaanza kuzalisha volti yake ya kupinga. Betri na nyaya zina ukinzani, kwa hiyo mkondo huo mkubwa unaishusha volti, na maikrokontrola inazimika na kujiwasha upya. Msimbo wangu haukuwa na kosa hata moja! Tulitenganisha njia ya umeme ya mota na ya maikrokontrola, tukaweka kapasita, kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, karibu kabisa na miguu ya chipu, kigari kikaenda. Hatukumaliza hata nusu saa.

Kosa lilikaa mpakani, na mpaka hauna mwenyewe. Mtu wa programu aliangalia programu, na wa umeme angesema betri ni nzima.

Yamewakuta na wakubwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika angani katika safari yake ya kwanza, chini ya dakika moja tangu iruke. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilirithiwa kutoka Ariane 4, nayo ilijaribu kuiingiza namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Kwa roketi ya zamani namba ile haikuwahi kufika huko. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda mlalo, na namba ile ilitokana na kasi hiyo, basi ikapita kikomo.

Mpakani hapo hapo pana neema pia. Claude Shannon alisomea uhandisi wa umeme na hisabati kwa pamoja. Mwaka 1937, akiwa na miaka 21, alionyesha katika tasnifu yake ya uzamili kwamba mantiki ya ndiyo na hapana ya mwanahisabati George Boole inaweza kupanga rilei, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme; huo ndio msingi wa saketi za kompyuta. Boole alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka 70 kabla ya hapo.

Sasa ya kila siku. Kabla hujabonyeza kitufe cha programu ya kuigiza saketi, andika pembeni jibu unalolitarajia. Chanzo cha volti 5, taa ya LED inayochukua volti 2, mkondo wa miliampea 10: zinabaki volti 3, basi rezista, kipande cha kupunguza mkondo, ya omu 300. Kompyuta ikikupa 30, utajua kuna sifuri imepotea. Asiyekisia huamini chochote kinachotokea kwenye kioo.

Vipimo vya maabara viandikeni vilivyo. Ripoti ambayo nukta zake zote zimelala juu ya mstari huwa naifungua mara ya pili, na kwa kawaida naikuta pacha yake kwenye lundo lilelile. Multimita ukimaliza kupimia mkondo, rudisha waya kwenye tundu la volti, la sivyo anayekuja nyuma yako ataunguza fyuzi. Na kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuzima umeme: pima kwanza, uitoe chaji kupitia rezista, si kwa bisibisi. Wanaotumia bisibisi hufurahia cheche mpaka siku moja.

Somo la mawimbi ya sumakuumeme litawatesa. Mimi nililirudia. Nililipita mara ya pili, na siku moja nikiwa napitia maelezo yangu nikaelewa kwa nini waya mrefu wa kigari kile ulikuwa unanasa kelele za umeme za mota. Nilikuwa nimeufunga kwa utepe wa gundi sambamba na nyaya za mota, kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikidhani napendezesha.

Mzee wenu wa maabara