Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji, Lamu

Ndugu wanachama, assalaamu alaykum, na salamu kwenu nyote mlioko Amu mjini, Shela, Matondoni na Mokowe, pamoja na nyinyi mnaoshiriki kutoka Mombasa na ng'ambo.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama kila mwaka yaliyotendeka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama katibu ameshaiambatisha kwenye mwaliko. Mimi nitazungumzia zaidi jambo moja, kwa kuwa ndilo lililotuunganisha na ndilo lililotukorofisha: namna tunavyopendekezeana vitabu na kutoleana maoni kwa njia ya simu.

Mapendekezo hayakukosekana. Mwanzoni mwa mwaka, hata hivyo, mengi yalikuwa picha ya jalada na maneno mawili matatu, "kizuri mno, kisomeni", kisha mpendekezaji akanyamaza. Pendekezo la namna hiyo halimfai mtu. Anayetoa pesa zake kuagiza kitabu Nairobi au Mombasa, kikaletwa kwa basi hadi Mokowe na kuvushwa kwa boti, ana haki ya kujua mapema anachokinunua. Kwa sababu hiyo kamati ilipitisha kwamba kila anayependekeza aseme kitabu kinamfaa msomaji wa namna gani, ni mahali gani ndani yake palipomfanya asimame, na nakala inapatikana kwa nani. Sharti hilo la mwisho lilionekana dogo, na wapo waliolicheka, lakini ndilo lililoleta nafuu kubwa zaidi, kwa kuwa riwaya nyingi za miaka ya sabini na themanini hazipatikani madukani kwa urahisi, na mara nyingi nakala inayotafutwa imo kabatini mwa jirani au katika maktaba ya ndani ya Ngome.

Nitoe mfano mmoja wa pendekezo lililofanya kazi yake. Mwanachama wetu wa Matondoni, fundi wa majahazi, aliuliza kama kuna riwaya inayohusu watu wanaokula kwa jasho la mikono yao pwani, maana amechoka na hadithi za wasomi wanaorudi vijijini. Alielekezwa kwenye Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, na aliyemwelekeza alimweleza wazi kwamba ni kisa cha wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Alipomaliza alileta maoni ambayo ningependa yawe kigezo kwetu sote. Alisema kitabu ni cha gati zaidi kuliko cha bahari. Kwamba mwandishi anajua mzigo unavyomkalia mtu mgongoni. Kwamba sehemu za mikutano zilimchosha, naye akaziruka na kuzirudia baadaye. Na kwamba angempa mwanawe asome, ila si kabla ya kumaliza shule. Kwa maneno machache kila mmoja wetu alijua kama kitabu kile ni chake au si chake.

Kinyume cha hayo ni maoni ya kishule, na hapa naomba walimu wetu wanistahimilie. Wengi wetu tuliisoma fasihi kwa ajili ya mtihani, tukiwa na mwongozo pembeni, na mazoea hayo hayajatutoka. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anaombwa aseme kitabu kimemgusa vipi, naye anaandika maudhui, dhamira, wahusika na mbinu za lugha, kila kimoja na mfano wake, kana kwamba anajibu swali la alama 20. Hakuna kosa ndani yake, ila mwandishi wa maoni hayo hayumo. Hatuwezi kujua kama alicheka, kama alikasirika, au kama alikifunga kitabu akaenda kulala.

Mjadala mrefu kuliko yote wa mwaka ulihusu utendi ambao wengi wetu tuliusikia kabla ya kujua kusoma. Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, miaka miwili kabla ya kufariki. Bibi mmoja wa Langoni aliupendekeza kwa wasichana wanaokaribia kuolewa. Siku hiyohiyo msichana mmoja anayesoma chuo alijibu, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba yeye ameusoma wote na hangempa dada yake kama mwongozo wa ndoa, kwa kuwa zile radhi tano zinamweka mume katika safu moja na Mungu, Mtume, baba na mama, na kwa kuwa mshairi anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, jambo ambalo msomaji wa leo hawezi kulipita kama halipo.

Nilitarajia ghasia, na nakiri kwamba baadhi ya wazee walinipigia simu wakitaka nimnyamazishe. Sikuona sababu. Msichana hakumtukana mtu. Alitaja beti, na akazitaja kwa usahihi kuliko waliolalamika. Bibi wa Langoni naye hakukasirika. Alituma ujumbe wa sauti, akaghani beti zile zile zilizobishaniwa, kisha akaeleza kwamba yeye hausomi utendi ule kama sheria, anausoma kama maneno ya mama aliyefiwa na mume, mwenyewe yu mgonjwa, anayehofu kumwacha mtoto wa kike peke yake katika dunia ya wakati ule. Msichana alijibu kwamba kwa usomaji huo anakubaliana naye nusu. Nusu hiyo mpaka leo haijawa nzima, na sioni kwa nini iwe. Jambo lililonifurahisha ni kwamba vijana wasioweza kuusoma utendi kwa sababu ya Kiamu chake cha kale waliomba bibi aendelee kuughani, naye amekuwa akituma beti kadhaa kila baada ya Isha.

Tulijifunza hapo kwamba kazi za kale haziwezi kupendekezwa kwa jina peke yake. Wapo waliowapendekezea vijana Al-Inkishafi, utendi wa kale unaoomboleza kuanguka kwa mji wa Pate, wakawaacha nayo, na vijana wakairudisha baada ya kurasa mbili. Ilipopata msomaji wa kuighani na kusimama penye neno gumu, vijana walewale walikuwa wakiulizana kama kuta zinazoelezwa za Pate bado zinaonekana, na wengine walitaka safari ipangwe. Kamati inalifikiria ombi hilo, ingawa litategemea maji kupwa na kujaa na uwezo wa kila mmoja kulipia boti.

Kuhusu riwaya ya Peponi nitasema kwa ufupi. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 wengi wetu tulilijua jina lake bila kuwa tumemsoma, kwa kuwa anaandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, ile ya kijana Yusuf anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Mwanachama mmoja alisema aliisahau kabisa kuwa ni tafsiri. Mwingine, aliyeanza na Kiingereza, alisema ukimya wa Yusuf ulimlemea zaidi kule. Wote wawili walikuwa wamekisoma kitabu mpaka mwisho, na ndiyo maana mazungumzo yao yalikuwa na ladha.

Sasa nifike kwenye udhaifu wetu mkubwa, ambao ni kusifu kupita kiasi. Tunaishi mji mdogo. Mtunzi ni mjomba wa fulani, au alisoma madrasa pamoja nasi, au tutakaa naye baraza moja kesho jioni, na kwa hiyo kitabu chake lazima kiwe kizuri. Mwaka huu mwenzetu mmoja alitoa diwani yake. Pongezi zilimiminika tangu asubuhi mpaka usiku, dua na maua ya kila rangi. Siku ya pili mtunzi mwenyewe akauliza swali moja: shairi gani mmelipenda, na lipi mngeliondoa? Hakujibiwa na mtu kwa muda mrefu, mpaka mzee mmoja akamwambia kwamba mashairi yake ya bahari yana vina vilivyokazwa mno hata maana inabanwa, ila yale ya kumlilia mama yake hayana hata mzani mmoja wa kupunguza. Mtunzi alimshukuru mzee huyo kuliko alivyotushukuru sote. Adabu tuliyolelewa nayo haituzuii kusema kasoro. Inatufundisha namna ya kuisema, na mzee yule aliijua namna hiyo.

Yapo mengine madogo. Wako wanaotoboa mwisho wa riwaya kabla wenzao hawajafika katikati, na tumekubaliana kwamba anayezungumzia mwisho aanze kwa kutahadharisha. Wako pia waliojadili Vuta n'kuvute kwa siku kadhaa kabla haijagundulika kwamba nusu yao waliitazama filamu ya mwaka 2021 na nusu waliisoma riwaya ya mwaka 1999, hivyo kila upande ukawa unamtetea mhusika Yasmin kama ulivyomjua wenyewe. Filamu inaruhusiwa kutajwa, ila isemwe kwamba ni filamu.

Jambo la mwisho ni zito kidogo. Baadhi ya wanachama wamekuwa wakirushiana vitabu vizima vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Naelewa ugumu wa kupata nakala, nami nimeutaja, lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya fasihi hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, na wengi wa tunaowasoma wako hai au wamefariki juzi tu. Hatuwezi kulalamika kwamba vitabu vya Kiswahili vinachapishwa vichache huku tukiwanyima waandishi wake hata ile senti yao. Kamati imeamua kwamba picha za ukurasa mmoja au miwili kwa ajili ya mjadala zitakubaliwa, na kitabu kizima kitafutwa mara kionekanapo.

Kwa mwaka ujao kamati inaleta mbele yenu pendekezo la kupigiwa kura: kila mwezi mwanachama mmoja ateuliwe kupendekeza kitabu ambacho hakukipenda, aeleze sababu, na mwingine aliyekipenda apewe nafasi ya kukitetea. Wapo kwenye kamati wanaohofu kwamba litaleta uhasama. Mimi naliunga mkono, na nimejitolea kuanza, kitabu nitakitaja siku hiyo.

Mwisho, wenye vitabu vya chama majumbani mwao wanaombwa waje navyo mkutanoni, hasa aliye na nakala yetu ya Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ambayo haijaonekana tangu mwezi wa Shaaban na bado inasubiriwa na watu wengi.

Mwenyekiti