Asante dada wa makao ya wazee, Iringa

Bibi yetu, miaka 84, analelewa kwenye makao ya wazee huko Iringa. Mwezi wa 7 baridi ilipokaza aligoma kuoga, na chakula akawa hagusi. Sisi tuko Dar, tunasikia kwenye simu tu.

Kumbe kuna dada mhudumu, hataki nimtaje. Alfajiri anachemsha maji, anafunga dirisha, anamwosha bibi mkono mmoja, kisha wa pili, mwili uliobaki ukiwa umefunikwa kitenge. Halafu anampaka mafuta nyayo zilizopasuka. Uji, kijiko kwa kijiko, na kila asubuhi salamu ya Kihehe, "Kamwene, bibi".

Nilipofika, bibi aliniuliza kuhusu dada huyo: "Yule mwanangu amekula?"

Dada, Mungu akutunze. Wenye wazee huko, nendeni mkawaone.