Risala ya Chama cha Fasihi kwa Mgeni wa Heshima: Margaret Ogola na Wanawake Waliotutangulia

Mgeni wetu wa heshima, Daktari, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Usimamizi, walimu wetu wapendwa, wazazi, na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Daktari, tulipoarifiwa kwamba mgeni wetu wa Siku ya Fasihi mwaka huu ni daktari wa watoto, tena aliyekaa kwenye madawati haya haya, hatukuhangaika kutafuta mada. Mwandishi tunayemuenzi leo alikuwa daktari wa watoto pia, na alizaliwa katika kaunti hii hii yetu ya Siaya. Karibu sana nyumbani.

Margaret Atieno Ogola alizaliwa Asembo mwaka 1958. Alisoma Alliance Girls, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi, akahitimu udaktari mwaka 1984 na shahada ya uzamili katika tiba ya watoto mwaka 1990. Miaka minne baadaye ikatoka riwaya yake ya kwanza, The River and the Source, ambayo mwaka 1995 ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na ikashinda pia tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu bora cha kwanza katika kanda ya Afrika. Baadaye iliteuliwa kufundishwa katika shule za sekondari, na kwa miaka kadhaa watahiniwa wa KCSE nchi nzima waliwajua wahusika wake Akoko na Nyabera kama wanavyowajua shangazi zao. Asembo hiyo hiyo ndiyo iliyotupa Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930, muuguzi aliyechapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1966. Muuguzi na daktari, wote wawili wa Asembo, wote wawili waandishi. Turuhusu tujivunie.

Mgeni wetu wa heshima, tungependa kukueleza kwa nini kitabu hiki kimetushika sana chamani.

Fungua kitabu cha historia cha darasani, sura ya Nyanza. Utakutana na machifu, maafisa wa kikoloni, wamishenari, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Mjane anayehesabu makaburi ya wanawe hayumo. Msichana anayetolewa mahari hayumo, isipokuwa katika aya moja kuhusu mila. Ogola alianza na hao. Alisimuliwa na mamake habari za nyanyake na za mama mzaa nyanyake, na katika masimulizi hayo ya nyumbani akapata vizazi vinne vya wanawake wa ukoo mmoja, kuanzia kabla ya reli hadi miaka ya UKIMWI.

Akoko anazaliwa Yimbo, binti wa Chifu Odero Gogni. Anaolewa na Owuor Kembo, chifu kijana wa Sakwa, kwa mahari ya ng'ombe thelathini. Sote hapa tunaijua barabara ya Yimbo na Sakwa. Kusoma majina hayo ndani ya riwaya yenye tuzo ni furaha ambayo wasomaji wa miji mikubwa wameizoea na sisi hatukuwa tumeizoea. Mumewe anakataa kuoa mke wa pili, jambo linalomuudhi mamake na kumletea Akoko maneno makali ya mama mkwe. Kisha vifo vinafuatana. Obura, mwana wa kwanza, anatoroka kwenda kuiona dunia na kufia Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Owuor Kembo anafariki. Owang' Sino, aliyepaswa kuendeleza nyumba hiyo, anakwamwa na mfupa wa samaki na kufa, akiacha mtoto mchanga. Hapo shemeji mtu, Otieno Kembo, anajitwalia kiti cha uchifu.

Akoko anafunga safari hadi Kisumu kumshtaki shemeji huyo kwa serikali ya Wazungu, na anasikilizwa.

Sehemu hii tuliijadili mpaka kengele ya usiku ikatukatiza. Wapo wanachama waliosema Akoko alikosea: atapelekaje ugomvi wa ukoo kwa serikali ile ile ambayo vita vyake vilimla mwanawe? Akishaizoesha kuamua nani awe chifu Sakwa, kesho itaamua nani alime wapi. Wengine walijibu kwamba mjane aliyedhulumiwa na wenye nguvu nyumbani kwake hana anasa ya kuchagua mlango wa kubisha. Sisi tulioandika risala hii tuko upande wa Akoko. Hata hivyo hoja ya wenzetu ni nzito, na tunaamini Ogola aliijua. Hakumpa Akoko ushindi mtamu, kwa maana yule mjukuu aliyepiganiwa kwa jasho lote hilo anakua, anaacha uchifu na kuwa padre. Mwandishi anayetaka tu kumsifu shujaa wake asingeandika hivyo. Ogola aliandika hivyo kwa kuwa ndivyo maisha ya watu wetu yalivyokwenda katika miaka ile: ulipigania kitu cha baba zako, na watoto wako wakakuta dunia nyingine imeshafika mlangoni.

Nyabera, binti wa Akoko, naye anazika watoto hadi anabaki na Awiti peke yake. Anafiwa na mume, anarithiwa kwa mujibu wa mila, ndoa ile inamshinda. Anakwenda Misheni ya Kikatoliki ya Aluor. Ogola haikejeli mila wala haiabudu. Anamwonyesha mwanamke mmoja aliyechoka, na njia iliyokuwapo. Awiti anasoma, anakuwa mwalimu. Daktari, shule kama hii yetu zimejengwa juu ya hatua za akina Nyabera waliotembea na binti mmoja kwenda mahali wasikokujua.

Tutasema pia lililotutatiza. Watoto wa Awiti wanapokua, hadithi inaanza kukimbia. Vera ni mwema mno, na Becky analipia majivuno yake kwa gharama kubwa kupita kiasi: anakufa kwa UKIMWI. Wengi wetu tulimlilia Becky na tukatamani angepewa muda zaidi wa kusema yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini tukumbuke kitabu kilitoka mwaka gani. Serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Miaka mitano kabla ya hapo Ogola alikuwa ameshauingiza ugonjwa huo katika nyumba ya familia yenye heshima, yenye daktari na padre, na kuwaonyesha jamaa wakiwachukua na kuwalea watoto walioachwa. Naye hakuutazama ugonjwa huo kwa mbali. Aliwahi kuwa mkurugenzi wa tiba katika kituo cha Cottolengo, Nairobi, kinacholea yatima wenye virusi vya UKIMWI.

Vitabu vyake vingine tutavitaja kwa ufupi, kwa kuwa bado tunavitafuta na si wanachama wote waliovisoma. I Swear by Apollo ya mwaka 2002 inaendeleza ukoo ule ule. Place of Destiny ya mwaka 2005, kuhusu mwanamke tajiri anayekufa kwa saratani, ilimpatia Tuzo ya Jomo Kenyatta kwa mara ya pili mwaka 2007. Aliandika pia, pamoja na Margaret Roche, maisha ya Kadinali Maurice Otunga. Alifariki Septemba 2011 akiwa na umri wa miaka 53, na riwaya yake ya mwisho, Mandate of the People, ilichapishwa baada ya kifo chake. Yote hayo aliyaandika akiwa mama, mke na daktari mwenye wagonjwa wanaomngoja.

Mgeni wetu wa heshima, kutokana na kitabu hicho chama chetu kimeanzisha mradi wa kukusanya maisha ya nyanya zetu. Wakati wa likizo kila mwanachama humketisha nyanyake, au jirani mzee kama nyanyake hayupo, akamuuliza na kuandika. Tumejifunza mapema kwamba kuuliza "mwaka gani" hakusaidii. Tunauliza kama ilikuwa kabla au baada ya mvua kubwa ya 1961, na kama waziri Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969, alikuwa ameshauawa. Hapo miaka hujipanga yenyewe. Tumeandika habari za wanawake walioachiwa mashamba na boma huku waume wakifanya kazi reli au katika majani chai ya Kericho, za wafinyanzi waliolipa karo kwa vyungu, za wachuuzi wa omena, na za wakunga. Kutokana na simulizi hizo tunaandika hadithi fupi, na tumeona jinsi ilivyo vigumu: huwezi kuandika kwamba bibi arusi alivaa kitu fulani mpaka umejua alivaa nini kweli. Baadhi ya walezi wa simulizi zetu wamefariki kabla hatujarudi kwao mara ya pili. Hilo linatuuma, na ndilo linalotufanya tuombe bila haya.

Tunaomba kwanza kinasa sauti. Simu haziruhusiwi shuleni, nasi tunaikubali kanuni hiyo, lakini kalamu haiwezi kwenda sambamba na mzee anayeimba wimbo wa arusi yake. Tunaomba pia utusaidie kupata riwaya zote za Ogola kwa maktaba yetu. Nakala tulizo nazo za ile ya kwanza zimepoteza majalada, na moja haina sura ya mwisho, kwa hiyo msomaji wake husimuliwa mwisho na rafiki. Jambo kubwa zaidi tunaloomba ni wewe mwenyewe. Kubali kuwa mlezi wa mradi huu, uje mara nyingine bila sherehe, ukae nasi utusimulie wanawake waliokufikisha hapo ulipo, nasi tuandike.

Baada ya risala hii katibu wetu atakukabidhi daftari la kwanza la simulizi. Ndani yake mna maelezo ya wakunga watatu kuhusu uzazi mgumu na dawa walizotumia. Tumeyaandika kama yalivyosemwa. Tunakuomba uyasome kwa jicho la daktari, na pale ambapo tumesikia vibaya au tumeandika jambo linaloweza kumdhuru mama au mtoto, ututilie alama pembeni ili turudi kuuliza tena.

Ahsante sana, Daktari. Karibu uzungumze nasi.