Thoma wa Akwino hakumnakili Aristoteli

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku, sote tu wazima. Barua yako nimeipata. Unasema wanateolojia wa zama za kati walimchukua Aristoteli, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mzimamzima wakamvika kanzu ya padri. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo, hasa kuhusu Thoma wa Akwino, mtawa na mwanateolojia wa wakati huo.

Chukua suala la mwanzo wa ulimwengu. Aristoteli alifundisha kwamba ulimwengu hauna mwanzo, ilhali Biblia inaanza na “Hapo mwanzo”. Ndiyo maana vitabu vyake vya falsafa ya maumbile vilipigwa marufuku kufundishwa Paris mwaka 1210, na tena 1215. Kufikia 1255 vilikuwa masomo ya lazima palepale!

Bonaventura, mwanateolojia wa wakati mmoja na Thoma, alishikilia kwamba akili inaweza kuthibitisha kuwa ulimwengu ulianza. Thoma wa Akwino akakataa. Alisema hilo tunalijua kwa imani tu. Na Aristoteli naye hakuthibitisha kinyume chake. Tena akaonya: tukileta hoja dhaifu, wasioamini watatucheka, wakidhani imani yetu imesimama juu ya hoja hizo. Ujasiri ulioje kwa mtawa wa karne ya 13!

Kisha Thoma anaukumbuka mfano ambao Augustino, mwalimu wa kale wa Kanisa, aliupata kwa wafuasi wa Plato, mwalimu wa Aristoteli. Tuseme mguu umekanyaga vumbi tangu milele. Alama yake nayo ingekuwapo tangu milele, na bado hakuna ambaye angekana kuwa imetokana na mguu. Basi kuumbwa si kuanza siku fulani tu. Ni kupokea kuwepo kutoka kwa Mungu, hata sasa hivi unaponisoma.

Na hapa ndipo anapompita Aristoteli, akisaidiwa na maandishi ya Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu. Unaweza kuelewa mtu ni nini, au feniksi, ndege wa hadithi, ni nini, bila kujua kama yupo. Kwa hiyo kuwepo si sehemu ya kile kiumbe kilicho; kila kiumbe kimepewa kuwepo kwake. Kwa Mungu peke yake, kile alicho na kuwepo kwake ni kitu kimoja. Mungu wa Aristoteli huzisukuma mbingu kwa kupendwa nazo, lakini hakuzipa kuwepo. Hiyo ni tofauti kubwa mno, ndugu yangu, na kwangu ndiyo moyo wa metafizikia yote ya Thoma, yaani falsafa yake kuhusu kuwepo.

Ana kijitabu kuhusu umilele wa ulimwengu, kurasa chache tu. Kisome kwanza, halafu unijibu tuendelee kubishana.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako daima