Old Fashioned ya nyumbani: anza na barafu

Louisville, Kentucky

Ndugu yangu Godi,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, kibaridi ndiyo kwanza kinaanza na watoto wanaendelea vizuri na shule. Barua yako imenifurahisha, hasa pale ulipofika kwenye chupa ya bourbon, ile wiski ya mahindi ya huku Marekani, aliyokuletea shemeji. Unauliza utaitengenezaje Old Fashioned, ile kokteli ya wiski, hapo Tanga, kwa sababu uliyoinywa Dar ilikuwa na sukari kupita kiasi, soda hadi ukingoni, na chungwa lililopondwapondwa chini ya glasi.

Yule mtu wa kaunta hakujitungia. Kuponda matunda na kumimina soda ni mtindo uliotapakaa Marekani baada ya miaka ya marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, na wapo wanaoupenda mpaka kesho. Kule Wisconsin wanatumia hata brandi badala ya wiski. Lakini mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, liliulizwa na msomaji kokteli ni kitu gani, likajibu: pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na bitasi, yaani dawa chungu ya mitishamba inayotiwa kwa matone. Old Fashioned ni hiyo hiyo, ikitengenezwa kwa wiski. Watu wengi wanakumbuka wiski, sukari na bitasi, maji wanayasahau. Mimi nimekaa na kinywaji hiki vya kutosha kuamini kwamba maji ndiyo yanayokiharibu au kukitengeneza. Na maji yenyewe yanatoka kwenye barafu.

Kwa hiyo tuanzie kwenye friza yako. Vile vidonge vidogo vya barafu vinayeyuka upesi mno, kwa sababu vikiwa vingi vinagusana na kinywaji kila upande. Kwa joto la Tanga, utakuwa hujafika nusu glasi na wiski imeshapwaya. Pande moja kubwa la uzito uleule lina eneo dogo la kuyeyukia, hivyo linapoza bila haraka. Gandisha maji kwenye vikopo vya plastiki vinavyoingia ndani ya glasi yako. Yawe maji safi yasiyo na harufu ya klorini, na kopo lifunikwe vizuri, maana najua friza ya nyumbani kwenu haikosi changu na kolekole, na barafu hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani.

Ukitaka barafu angavu kama ya hotelini, chukua kile kiboksi cha kubebea soda za pikniki, kitie maji, kiingize kwenye friza bila kifuniko. Kuta zake zinazuia baridi isiingie kwa pembeni, kwa hiyo maji yanaganda kuanzia juu kwenda chini na kusukuma hewa na uchafu mdogomdogo chini. Kitoe kabla hakijaganda chote, mwaga maji yaliyobaki, kisha kata barafu kwa kisu cha mkate chenye meno. Kuchemsha maji kwanza, kama wengi wanavyoshauri, kunasaidia kidogo sana.

Sukari nayo haipendi kuyeyuka ndani ya pombe. Wazee wa kazi huku huanza na kidonge cha sukari, bitasi na maji kidogo, wakasaga polepole. Ni vizuri ukiwa na subira, ila punje zikibaki, funda la mwisho linakuwa sukari tupu. Wewe pika shira: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke, basi. Iwe nyepesi kuliko shira ya kaimati, na isichemke ikawa nzito. Sukari yetu ya rangi ya kahawia kidogo inafaa kuliko nyeupe. Ikipoa ihifadhi kwenye chupa safi, kwenye friji.

Bitasi itakupa kazi kidogo kuipata. Ulizia maduka makubwa ya vinywaji Dar. Iliyo maarufu ni Angostura, na chupa yake utaitambua kwa karatasi yake iliyozidi kimo cha chupa na kuzunguka hadi shingoni. Daktari Mjerumani, Johann Siegert, aliitengeneza mwaka 1824 kama dawa ya tumbo, katika mji wa Angostura nchini Venezuela, ambao leo unaitwa Ciudad Bolívar. Siku hizi inatengenezwa Trinidad. Chupa moja itakaa miaka, kwa hiyo usiogope bei. Na tafadhali usiiache ukidhani ni urembo: bila uchungu wake utakunywa wiski iliyotiwa sukari.

Kuhusu hiyo bourbon, sheria ya Marekani inataka mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka, na pombe ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichobabuliwa ndani kwa moto. Hiyo ladha ya vanila na sukari iliyoungua unayoisikia inatoka kwenye mti. Mapipa yakishatumika, mengi yanauzwa Scotland, ambako yanalaza wiski nyingine. Angalia nguvu ya pombe kwenye karatasi ya chupa: ikiwa kati ya asilimia 45 na 50, inahimili barafu vizuri. Ikiwa 40, punguza tu muda wa kukoroga.

Sasa kazi. Toti mbili za wiski, yaani mililita 60, au vijiko vinne vya chakula. Shira kijiko kimoja cha chai. Bitasi, tikisa chupa mara mbili juu ya glasi. Tia pande lako la barafu likiwa limekaa nje dakika chache, la sivyo litapasuka likiguswa na wiski. Koroga taratibu nusu dakika hivi. Usitikise kwenye chombo kilichofungwa. Utaingiza mapovu na kinywaji hakitakuwa angavu. Onja. Kama bado inachoma koo, koroga tena kidogo, uonje tena. Pale moto unapotulia na mahindi yanapoanza kusikika, acha hapo hapo.

Mwisho ganda la chungwa, na hapa una bahati kuliko mimi. Machungwa ya dukani huku yamepakwa nta, inabidi niyasugue kwa maji ya moto. Wewe una ya Muheza. Usijali kwamba yana ngozi ya kijani. Ni kwa sababu usiku wa kwetu hauna baridi ya kuigeuza, mafuta yenye harufu yamo vilevile. Menya ukanda mpana kama kidole gumba, ukiacha ile nyama nyeupe ambayo ni chungu, uubinye juu ya glasi mpaka uone vitone vikiruka, kisha uudumbukize. Usiponde chungwa lenyewe.

Watu wa hapa Louisville watakuapia kwamba kinywaji hiki kilizaliwa kwenye klabu yao ya Pendennis, iliyoanzishwa 1881. Nawapenda, lakini gazeti la Chicago lilikuwa limeshakitaja mwaka mmoja kabla.

Tengeneza moja, mkae nayo wewe na shemeji jua likipungua, mkinywa kidogokidogo. Ni pombe nzito, na mwenye kuendesha asiiguse. Kisha niandikie ulikoroga kiasi gani, na bourbon yenyewe ni ya asilimia ngapi. Hilo nalitaka kwa namba, Godi, ili tuone kama shira ipunguzwe.

Nisalimie mama watoto na wazee wote wa hapo.

Wako,
Anselmi