Elfu kumi ya "yaishe"

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mwanangu aliumwa na mbwa wa jirani hapa Kirumba, akitoka kununua dagaa mwaloni, soko la samaki ufukweni. Jioni mwenye mbwa akaja na shilingi elfu kumi, akasema yaishe. Hayakuisha. Nauli, sindano za chanjo ya kichaa cha mbwa zinazochomwa kwa awamu, na genge langu, kibanda cha kuuzia vyakula, kufungwa siku zote hizo. Elfu kumi haikufika popote, ndiyo maana namdai fidia mahakamani.

Jeraha tuliliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tukachukua PF3 polisi, ile fomu ya majeruhi ya kwenda nayo hospitali. Mguu niliupiga picha kabla haujafungwa bandeji, na risiti ninazo zote, hata ya panadol. Bila hivyo mbele ya hakimu ni maneno matupu. Madai ya namna hii sheria inayapa miaka 3 ya kuyafungua mahakamani. Wengi hudhani yamekufa jeraha likipona.

Majirani wanasema nampeleka mtu mahakamani kwa sababu ya mbwa. Hapana, ni geti linaloachwa wazi kila siku. Mwenyekiti wa mtaa alishamwonya mara mbili, na nimeomba aniandikie hivyo kwa barua.

Mama mwenye genge,
Kirumba, Mwanza