Majibu ya maabara yanachelewa mno

Mhariri,

Hivi kwa nini tusubiri majibu siku mbili tatu huku mgonjwa anameza antibayotiki za kubahatisha? Mtoto wa dada yangu hapa Jinja alipimwa mkojo, wakauweka kwenye kisahani ili bakteria waote, majibu yanatoka dozi ishaisha na kumbe dawa yenyewe haikuwa ya bakteria yule. Sasa kuna njia ya mwanga ya kuwatambua bakteria, bakteria wanapigwa leza, mwanga mwingi unarudi vilevile ila kiasi kidogo sana kinarudi rangi imebadilika, na kila aina ina mpangilio wake ambao kompyuta inausoma. Mwanasayansi Mhindi, Raman, aligundua mwanga kubadilika rangi hivi 1928, si ya jana! Mashine ni ghali najua, na sampuli lazima isafishwe kwanza, lakini wizara ianze basi hata na moja pale hospitali ya Mulago, Kampala.

Msomaji wenu, Jinja